Moto Uliofichwa Katika Mti wa Kijani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyelifanya jua kuwa taa yenye kuwaka na mwezi kuwa nuru, akavipimia mwendo wake kwa hesabu isiyokosea. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, aali zake, masahaba zake na kila anayeifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu zangu Waislamu wa Ngaramtoni, nanyi mliotujia kutoka Olmotonyi, Kiranyi na Kisongo, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mwenye kumcha Mola wake huvitazama viumbe vyake kwa adabu, na mwenye adabu hachezei neema.

Leo maneno yangu yanahusu moto. Moto wa Akhera tumeusemea mara nyingi, na tutaendelea kuomba tuepushwe nao. Leo nausemea moto wa mafigani, unaoivisha makande ya mchana na kuchemsha chai ya alfajiri, na ule unaowaka ndani ya injini za bodaboda na malori yanayopita hapa kwenda Namanga. Unatoka wapi moto huo? Ni wa nani? Na sisi tulioamini tuna wajibu gani juu yake?

Mwishoni mwa Suratu Yasin, sura ambayo hata watoto wetu wa madrasa wanaijua kwa moyo, anatajwa mtu mbishi. Anapiga mfano wa mifupa iliyooza, anauliza ni nani atakayeihuisha. Mwenyezi Mungu anamjibu kwa hoja zinazofuatana, na mojawapo iko katika aya ya 80: kwamba ni Yeye aliyewajaalia wanadamu moto kutokana na mti wa kijani, nao wakapata cha kuwashia. Izingatieni hoja hiyo. Mti mbichi umejaa maji, na maji ndiyo tunayouzimia moto. Wafasiri wanataja miti miwili ya Bara Arabu, markh na afar, ambayo matawi yake yalikatwa mabichi, yakasuguliwa moja juu ya jingine, moto ukatoka na hali utomvu unadondoka. Wazee wetu wa Kiarusha hawana haja ya kuelezwa hilo kwa kirefu, kwa kuwa kupekecha moto kwa vijiti wamekurithi kwa babu zao, na moto wa namna hiyo una heshima yake katika mambo ya rika. Basi Mwenye uwezo wa kutoa moto penye maji hashindwi kutoa uhai penye mfupa.

Katika Suratul Waqia, aya ya 71 hadi ya 73, swali linarudi kwetu sote. Mwenyezi Mungu anatutaka tuufikirie moto tunaouwasha: ni sisi tuliouotesha mti wake, au ni Yeye? Kisha anatujulisha kwamba ameufanya moto kuwa ukumbusho, na kuwa manufaa kwa wasafiri na wahitaji. Ukumbusho na manufaa, yote mawili kwa pamoja. Sisi tumeshika manufaa tukausahau ukumbusho.

Ndugu zangu, wanakemia wameingia ndani ya jani kutafuta moto huo unakaa wapi, na waliyoyakuta yanamzidishia imani mwenye kutafakari. Jani hunyonya maji kutoka ardhini na hewa ya ukaa kutoka angani. Mwanga wa jua unapolipiga, jani huyapasua maji: oksijeni inatoka nje, ndiyo tunayoivuta sasa hivi humu ndani, na haidrojeni ya maji yale inaungana na hewa ya ukaa hadi inakuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa shina, tawi, punje ya mahindi, kahawa na nyasi za ng'ombe. Mmarekani Melvin Calvin alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961 kwa kufuatilia, hatua kwa hatua, njia ambayo hewa ya ukaa inapita ndani ya mmea mpaka inakuwa chakula. Kazi hiyo mgrivea ulioko mpakani mwa shamba lako huifanya kila siku bila kelele, bila moshi, na bila kukudai hata senti.

Kwa hiyo unapowasha ukuni, unaufungua mwanga wa jua ulioingia katika mti ule miaka mingi kabla. Mkaa ni jua. Petroli na mafuta ya taa ni jua la zama za kale, lililofunikwa chini ya ardhi pamoja na viumbe vya zama hizo. Hata gesi tunayouziwa kwenye mitungi ina asili hiyohiyo. Karibu kila moto tunaoupikia umepitia jani kwanza, na jani ni la Mwenyezi Mungu, na jua ni la Mwenyezi Mungu. Nani basi atasema moto ni mali yake peke yake, auchome atakavyo na kumdhulumu amtakaye?

Hebu tujitazame sisi wenyewe. Tunaishi chini ya Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na misitu yake ndiyo inayotunza chemchemi na mito tunayotawadhia. Jirani zetu wa Olmotonyi wana chuo cha misitu kinachofundisha vijana wa nchi nzima namna ya kuutunza mti. Lakini siku za gulio magunia ya mkaa yanapangwa barabarani, na kila asubuhi kina mama wanashuka na mizigo ya kuni migongoni. Tanuru la kienyeji la udongo hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti: kupata tani moja ya mkaa huchomwa tani tano hadi kumi za miti. Hesabu za serikali zimeonyesha kwamba nchi yetu hupoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kwa mwaka. Mkaa na kuni havikuyafanya hayo peke yake, kwa kuwa na mashamba yamo, lakini vimo katika hesabu hiyo.

Na moshi, ndugu zangu! Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Serikali yetu inataja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka hapa Tanzania kutokana na nishati chafu ya kupikia. Hao ni wake zetu, mama zetu, na watoto wachanga waliofungwa mgongoni mama anapokoleza moto. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Mwanamume anayenunua simu mpya wakati mkewe anakohoa jikoni miaka nenda miaka rudi ana hesabu ya kutoa.

Lakini nasema kwa tahadhari, asije mtu akatoka hapa akamtukana mama anayebeba kuni. Bukhari amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mtu kuchukua kamba yake, akabeba kuni mgongoni akaziuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu. Jasho la mama yule lina heshima mbele ya Mwenyezi Mungu. Lawama ni yetu sote tulioridhika kwamba baada ya miaka elfu na mia nne mgongo wake ndio ubaki kuwa njia pekee ya moto kufika jikoni.

Sasa sikilizeni habari ya watu waliokataa kuridhika.

Waislamu wa zamani walianza mapema kuusoma mwanga. Huko Baghdad, karibu mwaka 984, Ibn Sahl aliandika kitabu juu ya vioo na lenzi za kuunguzia, akachunguza namna ya kuukusanya mwanga wa jua mahali pamoja mpaka uwashe moto. Baada yake akaja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi Cairo na kuandika Kitab al-Manazir, kitabu kilichofundisha dunia jinsi jicho linavyoona na jinsi dai la kielimu linavyopimwa kwa majaribio. Walisoma mwanga kwa kuwa waliamini mwanga una Muumba mwenye mpango.

Mwaka 1912 Mtaliano Giacomo Ciamician, mwanakemia wa Bologna, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake New York akawaambia kwamba makaa ya mawe yana mwisho, na kwamba iko siku wanadamu watajua siri ya mimea, wajenge viwanda visivyo na moshi katika nchi kavu zenye jua jingi. Huyu alikuwa amepanga chupa za kemikali juu ya paa la chuo chake, akaliachia jua lifanye kazi. Miaka sitini ikapita. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda wakatangaza kwamba oksidi ya titaniamu, ambayo ndiyo inayotia weupe katika rangi za nyumba, ikiwekwa majini na kumulikwa, huyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Hatua ya kwanza ya kazi ya jani ilikuwa imeigwa na mkono wa mwanadamu. Ilikuwa na upungufu mkubwa, kwa sababu oksidi ile hutumia sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, ile isiyoonekana kwa macho.

Mwaka 2011 Daniel Nocera, akiwa Marekani, akatangaza bamba la silikoni lililopakwa kobalti na nikeli. Ukilitia ndani ya chombo cha maji juani, upande mmoja unatoa viputo vya oksijeni na upande wa pili viputo vya haidrojeni. Mwaka 2016 yeye na Pamela Silver wakaongeza bakteria wanaokula haidrojeni ile pamoja na hewa ya ukaa, wakatoa spiriti inayoweza kuwaka kama mafuta. Mtambo ule ulihifadhi karibu asilimia kumi ya nishati ya jua, ilhali mazao ya shambani kwa kawaida huhifadhi asilimia moja hivi. Asijivune mtu kwa hilo. Jani linatengeneza chakula, linatoa kivuli, linajitibu likiraruka, na mti wake unazaa mbegu zinazouanza upya. Hakuna bamba la silikoni linalozaa.

Wala msidhani elimu hii ni ya watu wa mbali tu. Justus Masa ni Mganda, mwanakemia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kyambogo mjini Kampala, kisha akaendelea na utafiti katika Taasisi ya Max Planck huko Mülheim, Ujerumani. Kazi yake inahusu vichocheo, yaani vitu vinavyorahisisha kupasuka kwa maji bila vyenyewe kuliwa. Vichocheo vilivyozoeleka vinatumia iridiamu na platinamu, madini adimu na ghali mno. Masa na wenzake wameonyesha kwamba kobalti na nikeli vikichanganywa na boroni vinaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa Viktoria, anaishughulikia siri ileile iliyotajwa katika Suratu Yasin.

Na mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa watu watatu, mmoja wao Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyezaliwa Amman mwaka 1965. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, haina umeme wala bomba, na mifugo ilikuwa humohumo. Alipokuwa na miaka kumi alijipenyeza katika maktaba ya shule, akaziona picha za molekuli ndani ya kitabu, na tangu siku hiyo hakuiacha kemia. Leo vitu alivyovibuni vina vitundu vidogo mno vinavyoweza kunasa hewa ya ukaa, na hata kuvuna maji kutoka hewa ya jangwani. Enyi wazazi, mtoto huyo hakuwa na zaidi ya walichonacho watoto wa Ngaramtoni. Alikuwa na kitabu kilichofunguliwa mbele yake.

Kazi haijaisha, na mwenye kuwaambia kwamba kesho mtanunua mafuta ya jua sokoni anawadanganya. Mitambo hii bado ni ghali, mingine huchakaa upesi ndani ya maji, na haidrojeni ni ngumu kuihifadhi na kuisafirisha. Panahitajika miaka ya subira na vichwa vingi. Na hapo ndipo wajibu wetu unapoanza.

Wanazuoni wetu wanazigawa faradhi mafungu mawili. Iko faradhi ya kila mmoja, kama swala na funga. Na iko faradhi kifaya, faradhi ya kutosheana: wakiitekeleza baadhi, wengine wamevuliwa dhambi, na ikiachwa na wote, wote wana makosa. Kumzika maiti ni mfano tunaoujua. Lakini Imam Ghazali, katika Ihya Ulumid Din, ameitia tiba na hesabu katika fungu hilo, na pia kazi ambazo watu hawaishi bila ya hizo, kama kilimo na ufumaji. Akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana katika fiqhi wakati miji mingine haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Kama kufuma nguo ni faradhi kifaya kwa sababu watu hawawezi kukaa uchi, je, kuwapatia watu moto usiowaua wala kuumaliza mlima wao si zaidi ya hapo?

Neno langu la leo ndilo hilo, lishikeni hata kama mengine yatawatoka: kujifunza kazi ya jani ni faradhi kifaya juu yetu. Juu yetu hasa, kwa sababu Mwenyezi Mungu ametuweka karibu na ikweta. Saa sita mchana mbingu ikiwa wazi, kila mita moja ya mraba ya paa la msikiti huu hupokea karibu wati 1,000 za jua. Nishati ya jua inayoufikia ulimwengu kwa saa moja au mbili inakaribia matumizi ya wanadamu wote kwa mwaka mzima. Tumepewa kwa wingi, na mwenye kupewa kwa wingi ataulizwa kwa wingi.

Wala hatuwezi kujitetea kwamba elimu iko mbali. Tengeru, upande wa pili wa jiji la Arusha, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako nishati, maji na mazingira ni masomo ya kila siku. Hapohapo Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia, alibuni chujio la maji lililompa mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Aliangalia maji ya watu wake, akatafuta dawa yake ndani ya kemia. Binti yako akikuambia anapenda fizikia na kemia, usimwambie hayo ni masomo ya wavulana, wala usimwozeshe kabla hajafika anapotaka kufika. Na kijana wa madrasa anayehifadhi Yasin tusimtenganishe na maabara. Aya ya 80 inamsubiri huko pia.

Jambo la pili ni haki. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amewafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Katika riwaya ya Ibn Majah kutoka kwa Abu Hurayra, vitatu hivi ni vitu ambavyo watu hawanyimwi. Kwa hiyo moto una hukumu yake katika sheria yetu: haukuletwa ili wachache wauhodhi. Hapa Ngaramtoni tunaishi pamoja na ndugu zetu Wakristo, tunatibiwa pamoja nao hospitali ya Selian, na moshi wetu unaingia madirishani mwao kama wao unavyoingia kwetu. Nishati safi inayomfikia Mwislamu ikamruka jirani yake haijatimiza amri ya Mtume.

Tumekwisha kuona nini hutokea haki inapokosekana. Katika miaka ya 2000 ulivuma mmea wa mbono, ule ambao vijijini tunaupanda kuwa ua na mbegu zake zina mafuta. Hapa Arusha wapo walioukamua kwa wema, wakatengeneza sabuni na mafuta ya taa za mkono. Lakini kule Kisarawe kampuni ya kigeni ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji kwa ajili ya mbono wa mafuta ya magari. Wanavijiji waliahidiwa ajira na huduma. Mwaka 2011 kazi ikasimama, vibarua wakaachishwa, na watu wakabaki bila shamba na bila malipo waliyoyatarajia. Mafuta yale yaliitwa safi. Bukhari na Muslim wamepokea onyo la Mtume (s.a.w.) kwamba anayedhulumu ardhi, hata kama ni kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Ardhi ya dhulma haitoi mafuta safi.

Na tazameni mbele. Vichocheo nilivyowatajia vinataka kobalti na nikeli. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kolwezi na jirani zake, Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na humo watoto wameonekana wakichimba kwa mikono. Nikeli tunayo wenyewe Kabanga, wilayani Ngara. Madini haya yakitoka kwa mikono ya watoto, au yakisafirishwa ghafi na kuturudia kama mitambo tusiyoweza kuinunua, tutakuwa tumebadilisha jina la moshi tu. Ndiyo maana nawaambia elimu hii ni faradhi: asiyeijua hana sauti katika meza ambayo mali yake inauzwa.

Wakati wanazuoni wa kemia wakiendelea kutafuta, yapo ambayo hayasubiri maabara. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Sisi tunaofuga tuna njia iliyo karibu zaidi. Jua limeingia katika majani, ng'ombe amekula majani, na samadi yake bado ina sehemu ya jua lile. Ikichanganywa na maji na kufungiwa ndani ya mtambo usiopitisha hewa, bakteria huitoa ile nishati kwa sura ya gesi inayowaka bila moshi. Kituo cha CAMARTEC hapa Arusha, kilichoundwa mwaka 1981, kimekuwa kikijenga na kufundisha mitambo hiyo ya biogesi tangu miaka hiyo, na mwaka 2009 mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani ukaanzia kwake. Ng'ombe wawili au watatu wa zizini wanatosha jiko la familia, na tope linalobaki ni mbolea nzuri kwa migomba na maharage.

Hapa huulizwa kama gesi ya samadi yafaa kupikia. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wanaihesabu samadi kuwa ni najisi, na pamoja na hivyo wameruhusu kuitumia kurutubisha shamba na kuwashia moto. Anayeichanganya aoshe mikono na nguo yake kabla ya swala, na mwenye wasiwasi amuulize mwanachuoni wake badala ya kumnyima mkewe jiko safi kwa dhana.

Wasia wangu mwingine ni huu. Maharage yalowekwe usiku. Yataiva kwa moto mdogo zaidi. Hitima, maulidi na harusi zetu zinazoteketeza kuni kwa mkokoteni tuzipunguzie israfu, maana katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuambia tule na tunywe, na akatukataza kupita kiasi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba miezi ilipita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula chao kikawa tende na maji. Hatukuambiwa tuishi hivyo, ila tuone haya kuchoma pilau ya majigambo. Kamati ya msikiti ianze na jiko la madrasa. Na wenye uwezo, wekeni wakfu. Babu zetu waliweka wakfu visima na mashamba. Wakfu wa zama hizi unaweza kuwa ada ya mtoto mmoja anayesoma kemia mpaka amalize, kisha mwingine. Kila mwanga atakaougeuza kuwa chakula cha watu utakuandikia sadaka ukiwa kaburini.

Na tupande miti. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake. Na Imam Ahmad amepokea kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Hakuna ruhusa ya kukata tamaa katika dini yetu.

Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Ewe Mola wetu, uliyeficha moto katika mti wa kijani, tuongoze kuupata bila kuuangamiza mti. Wape wanaotafuta elimu hii, wa dini yoyote na nchi yoyote, ufumbuzi wenye manufaa kwa wanyonge. Wapatie mama zetu pumzi safi na watoto wetu vifua vyenye afya. Uhifadhi Mlima Meru, misitu yake na chemchemi zake. Utuepushe na dhulma ya ardhi na ya madini. Toa katika watoto wa Ngaramtoni, wake kwa waume, wanazuoni wa kitabu chako na wanazuoni wa jua lako. Mola wetu, tupe mema duniani na mema Akhera, na utukinge na adhabu ya Moto. Amin, amin, ya Rabbal alamin.